Kamba ya Mgomba na Pikipiki Mbili

Mjukuu wangu alinunua pikipiki kwenye simu. Sisemi alipiga simu akaagiza, hapana. Alitazama picha, akabonyeza kwa kidole, na siku ya tatu ikaletwa juu ya gari imefungwa nailoni kama godoro jipya. Nikamuuliza, uliipanda kwanza? Hapana, babu. Uliisikiliza inavyounguruma? Hapana. Uliipima? Akacheka. "Kupima nini, babu?" Nikaona huyu nikimweleza kwa mdomo ataendelea kutazama simu yake, afadhali niandike, siku moja umeme ukikatika atasoma.

Shule nilikaa madarasa mawili. La tatu nililianza, mwalimu akahamishwa, na sisi tukahamia kwa mbuzi. Kuandika sawasawa nilijifunza ukubwani, kwenye ile elimu ya watu wazima, tumekaa na akina mama wenye watoto mgongoni tunaimba a, e, i, o, u chini ya bati la ghala. Kwa hiyo mkikuta nimeruka kituo, nyie pumzikeni tu mnapoona panafaa.

Wakati huo nilikuwa kijana wa mashamba ya mkonge, huku chini, upande wa Same. Nilikuwa kwenye mashine ya kusaga mkonge ambayo tulikuwa tukiiita korona, na nashukuru niliacha kazi mapema, maana leo ukisema ulifanya kazi korona watu wanavuta viti nyuma. Mashamba yalikuwa yamechukuliwa na Serikali, tunaambiwa ni yetu. Tuliitana ndugu, hata na msimamizi, ingawa akitukana alitukana vilevile kama zamani.

Kwetu ni juu, Chome, karibu na msitu wa Shengena, mahali ambapo asubuhi mlango wa jirani huuoni kwa ukungu, unasikia tu anakohoa. Huko alikuwa mama yangu. Na mama yangu alikuwa na dada yake, mama yangu mkubwa, aliyeolewa tambarare, Kileo. Walikuwa hawajaonana miaka saba.

Si kwamba waligombana. Mama aliteleza mferejini siku ya zamu yake ya maji, goti la kulia likaharibika, na tangu hapo mteremko ulimshinda. Mama mkubwa yeye alikuwa na pumu, na mlima ulimshinda. Mmoja hawezi kushuka, mwingine hawezi kupanda. Basi wakawa wanatumiana vitu kwa watu. Mama anashusha magimbi, mama mkubwa anapandisha samaki wakavu wa bwawani. Na maneno. "Mwambie dada sijafa." "Mwambie mdogo wangu na mimi bado."

Gari wakati ule liliishia mbali, kutoka nyumbani kwetu ni mwendo wa nusu siku kwa mtu mwenye magoti yake yote mawili. Vijana walijitolea kumshusha mama kwa machela, ile ya miti miwili na blanketi tunayobebea wagonjwa. Mama akakataa mbele ya watu. "Machela ni ya mgonjwa na maiti. Mimi naenda kusalimia. Nikiingia uani kwa dada yangu nimelala chali, atapiga yowe kabla hajanisikia nikisema shikamoo."

Ndiyo nikasema nitanunua pikipiki. Nilisema kwa sababu ya mama, na hilo ni kweli. Lakini pia nilikuwa na miaka ishirini na ushee, na sijawahi kumwona kijana aliyetaka pikipiki kwa sababu moja tu.

Mama hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akachambua nyuzi za mgomba mkavu, akasokota kamba ya unene wa kidole cha mwisho. Kwetu kamba ya mgomba ndiyo ilikuwa futi na rula. Ukitaka fundi akuchongee mlango, unampelekea kamba. Ukitaka kununua beberu wa mbali, mwenyewe anakuletea kamba ya kifua cha beberu. Mama akasimama ukutani, akashusha kamba mpaka chini, akaunyanyua mguu ule mbovu kidogo kama anayepanda kitu, akapiga fundo.

"Kiti cha hiyo pikipiki kisipite hapa," akasema. "Kikipita hapa, mguu wangu haugusi chini mpaka nishushwe. Sitaki kushushwa kama gunia la mahindi. Nataka nishuke mwenyewe, nisimame mwenyewe, dada yangu anitazame. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Mdogo wangu ndiye atakusaidia kuchagua."

Mdogo wake ni mjomba wangu, na hapa inabidi nimweleze. Mjomba alikuwa mchagua mifugo. Mtu hakununua ng'ombe bila kumwita. Alikuwa anaweza kumtazama ndama akila, akakwambia atakuja kuwa mkorofi mwaka gani. Pikipiki hakuwahi kuigusa. Hatukuona shida yoyote. Kitu kinakula, kinatoa moshi, kinabeba mzigo, kinagoma mlimani, sasa nani mwingine wa kumwita?

Nilikuwa nimeshasikia habari za pikipiki mbili. Moja ilikuwa ya Mgiriki mmoja aliyekuwa mhandisi shambani, anafunga mizigo arudi kwao. Nyingine ilikuwa ya katekista aliyekuwa akiishi njia ya mlimani, ambaye macho yalimpungua akaambiwa na daktari aache. Nikamwomba mjomba ashuke Jumamosi. Lakini mimi Alhamisi, peke yangu, nilikwenda kwa Mgiriki.

Jamani. Nyeusi, ndefu, tangi linang'aa mpaka unaona meno yako ndani yake. Taa kubwa kama sinia. Mgiriki alipoipiga kiki, kuku wa mtaa wote walijificha. Niliona nywele za mkononi zimesimama. Nikajiona napita Same mjini, wasichana wa sokoni wanaacha nyanya zinaoza. Akanikalisha juu ya kiti, nikashika usukani, na mimi ambaye sikujua gia ni ipi na breki ni ipi nikasema kwa ndani, hii ni yangu.

Kisha nikakumbuka kamba. Nikaishusha ubavuni mwa kiti. Kiti kilipita fundo kwa vidole vinne.

Sasa nasema kitu ambacho mama alikufa hajakisikia kutoka kinywani mwangu, ingawa alikijua. Nilikwenda nyuma ya choo cha kambi, nikakaa juu ya jiwe, nikafungua lile fundo kwa meno. Nikalipiga upya, vidole vinne juu. Nilijiambia mama atazoea. Nilijiambia nitambebea kigoda. Kijana akitaka kitu, kichwa chake kinakuwa wakili mzuri sana.

Jumamosi mjomba akafika na koti lake la kaki na fimbo. Nikampeleka kwa Mgiriki, nikiwa nimemchukua na rafiki yangu, dereva wa trekta, Muha kutoka Kigoma, ndiye aliyejua kuendesha.

"Shikamoo, mzee," Muha akamwamkia mjomba.

"Marahaba. Wewe ndiye utakayemfundisha huyu?"

"Ndiyo, mzee. Akianguka mnishtaki. Nasikia Wapare mnauza ng'ombe kwa ajili ya kesi."

"Tutakushtaki wewe na pikipiki," mjomba akasema, "na tutashinda zote mbili."

Akaizunguka ile nyeusi mara tatu. Akaipiga kofi kwenye tangi, akasikiliza. Akachuchumaa akaitazama chini kwenye tumbo. Akainusa kwenye bomba la moshi. Mgiriki akawa anatabasamu kama mtu anayetazama mchezo asioujua.

"Imekula wapi maisha yake?" mjomba akauliza.

"Shambani," nikamjibu. "Hapa hapa kwenye barabara za mkonge."

"Haijawahi kupanda?"

"Haijawahi."

"Ina mapaja mazuri," akasema. "Kifua kizuri. Ni ng'ombe wa maonyesho. Leta kamba."

Nikaitoa. Mkono wangu ulikuwa mtulivu kabisa, na jambo hilo linanitia aibu kuliko fundo lenyewe. Nikaishusha kando ya kiti, fundo likalala sawasawa na ngozi ya kiti kama limezaliwa pale.

"Imekubali," nikasema.

Mjomba akatoa ugoro, akavuta puani, akapiga chafya mbili. Halafu akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa kamba ya mgomba. Ya unene uleule. Rangi ileile. Akaishusha kando ya yangu. Fundo lake lilikuwa chini ya langu, vidole vinne.

Muha alielewa kabla yangu. Aligeuka akatazama milima, mabega yakaanza kutikisika.

"Labda yangu imevutika, mjomba," nikasema.

"Ikivutika, fundo linapanda lenyewe?" Akaichukua kamba yangu akaigeuza juani. "Na hapa palipojikunja, na alama hizi za meno, ni panya?"

Mgiriki akauliza kuna nini, na Muha akamweleza kwa Kiswahili cha shambani na mikono, na Mgiriki akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema mama yake kule kwao ni vilevile.

Tulipokuwa tunaondoka mjomba akaniambia, taratibu, ili Muha asisikie: "Mama yako alisokota mbili siku ileile. Akaniambia, mwanangu ana macho ya tamaa kama baba yake. Akikuonyesha kamba ya kweli, hii usiitoe mfukoni, asijue kabisa. Nimetembea nayo mlima mzima naomba nisiitoe."

Hakunipiga, na mpaka leo sijui kama fimbo isingekuwa nafuu. Yeye alianza kuimba wimbo wa kanisani na kuniuliza kama nina njaa. Tukala makande kwa mama mmoja pale njiani, na mahindi yake yalikuwa hayajaiva vizuri, nakumbuka hilo kwa sababu nilikuwa natafuna kwa muda mrefu na Muha bado anacheka.

Kwa katekista tulifika mchana. Pikipiki yake ilikuwa imeegemea mgomba. Ilikuwa ndogo, rangi ya mchuzi wa maharage, madigadi ya mbele imepinda, kiti kimeshonwa kwa kamba ya viatu. Nikatamani ardhi inimeze. Mjomba lakini alichangamka kama amekutana na jamaa.

"Hii imekula wapi?"

"Mlimani," katekista akasema. "Parokia yote ya juu. Bombo imefika, Chome imefika, na mahali pengine ambapo hata mimi sikutaka kufika. Ikichoka kwenye kona usibishane nayo. Simama, shuka, ipepee, sali Salamu Maria moja, itaendelea."

"Sisi ni Walutheri," mjomba akasema.

"Basi imbeni ubeti mmoja. Haibagui."

Mjomba akainusa, akaipiga kofi. Akanipa kamba yake, siyo yangu. Nikaishusha. Kiti kilikuwa chini ya fundo kwa upana wa kidole kimoja. Muha akaipiga kiki, ikakohoa, ikakohoa tena, halafu ikatulia na sauti kama bibi anayesimulia. Haikumtisha kuku hata mmoja. Mmoja alikuja akasimama karibu.

"Hii," mjomba akasema, na biashara ikaisha.

Kujifunza sitaeleza kwa urefu kwa sababu Muha aliahidi hatamwambia mtu na mimi sioni sababu ya kumvunjia ahadi. Niseme tu kwamba katikati ya mistari ya mkonge kuna njia nyembamba, na jani la mkonge lina mwiba nchani, na mimi nililala kwa tumbo wiki moja. Klachi niliichukia. Nilikuwa nikiiachia kama mtu aliyeshika kaa la moto, pikipiki inaruka, mimi nabaki. Muha akawa anapiga kelele, "Iachie polepole, kama unamwachia mkono mchumba!" Nikamjibu sijawahi kumwachia mchumba mkono. "Ndiyo maana huna," akasema. Lakini siku ilipokubali, ikaenda gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, upepo ukaingia kwenye shati, mkonge ukawa unarudi nyuma pande zote mbili, nilipiga yowe peke yangu. Niliisahau ile nyeusi pale pale. Sijui kama mapenzi yanaisha haraka hivyo kwa wengine.

Nikaipandisha Chome. Kona ya tatu ikachoka, nikaimba ubeti mmoja, ikaendelea. Kona ya tano ubeti mmoja haukutosha, nikamaliza wimbo wote. Lakini ilifika. Ilifika mpaka penye ndiva, bwawa letu la maji ya mifereji, na hapo ikakwama. Kutoka ndiva mpaka kwa mama njia ilikuwa ya mbuzi, upana wa miguu miwili, jiwe huku na korongo kule. Katekista alikuwa akiiacha hapo na kutembea. Mama hawezi kutembea. Sote tulikuwa tumepima kiti, hakuna aliyepima njia.

Nilikaa juu ya ukuta wa ndiva nikakaribia kulia. Mjomba akaja akatazama pikipiki, akatazama njia, akaondoka.

Alfajiri pembe ikalia. Kwetu pembe ikilia ni msaragambo, kazi ya wote, kila nyumba inatoa mtu, na asiyefika anatozwa jogoo. Watu walitoka mbio na majembe wakidhani ndiva imepasuka. Wakamkuta mjomba amesimama na mzee wa zamu za maji, na pikipiki katikati.

"Mfereji uko wapi?" mmoja akauliza.

"Leo hatuchimbi mfereji, tunapanua njia," mzee akasema. "Ya hiki."

Pakawa na kelele. Mzee mmoja mwenye sauti akasema msaragambo ni wa maji na barabara ya wote, si wa chombo cha mtu mmoja, na kama ndiyo hivyo yeye atakwenda mahakamani. Watu wakacheka kwa sababu alikuwa ametoka mahakamani wiki iliyopita.

Mama alikuwa amekaa mlangoni kwake, juu yetu, anasikia yote. Akaita kutoka kule: "Ninyi nyote mmewahi kumbeba mtu kwa machela kwenye njia hiyo! Nani hajateleza? Wewe mwenye kesi, mke wako alijifungulia wapi?"

"Njiani," mwenye kesi akasema.

"Basi chimba!"

Akachimba. Na mimi mbele ya wote nikasema kwamba mgonjwa yeyote wa upande ule, pikipiki ni yake. Walichimba mpaka jua lilipowaka, wakang'oa mawe, wakajaza korongo kwa kifusi, wanawake wakaleta makande, na haya yalikuwa yameiva. Siku ile nilijua ujamaa ni nini, na mtu wa hotuba hakuwepo.

Mama alipanda asubuhi ya siku iliyofuata. Amevaa gauni la kanisani na kofia ya sufu. Akachukua kanga, akaizungusha kiunoni kwake na kiunoni kwangu, akafunga. "Nikianguka, tunaanguka wote," akasema. "Kwa hiyo utaendesha vizuri." Mteremko mzima alikuwa ananielekeza, jiwe lile, shimo hili, na njia hiyo alikuwa hajaipita miaka saba. Barabara kuu tulipoifikia na nikaingiza gia ya mwisho, alinyamaza. Nikaogopa. Nikamuuliza, "Mama, vipi?" Akanijibu sikioni, "Usiniongeleshe, nafurahi."

Kileo tulifika jua limeinama. Mama mkubwa alikuwa uani anapeta mchele. Aliinua kichwa, akaona pikipiki, akaona kanga. Mimi nikazima, nikaweka miguu chini, nikaganda kama nguzo.

Mama akafungua fundo la kanga. Akashusha mguu mzima. Akashusha ule mbovu. Nikautazama ule mguu, na nakwambia ulikuta ardhi kama umepimiwa, unyayo wote, kisigino na vidole. Akasimama. Akaikunjua kanga, akaikung'uta vumbi, akajitanda.

"Shikamoo, dada."

Mama mkubwa hakuitikia. Ungo ulikuwa umemtoka, mchele umemwagika, kuku wanakula. Akamtazama kuanzia chini, miguu kwanza.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa natafuta usafiri."

Kisha wakashikana, na hayo mengine ni yao.

Kabla hata sijapewa maji, mama mkubwa alikuwa anaizunguka pikipiki. Akaipiga kofi kwenye tangi kama mjomba. Akaingia ndani, akatoka na kamba, na huku tambarare kamba ni ya mkonge. Akasimama kando ya kiti, akaishusha mpaka chini, akaunyanyua mguu, akapiga fundo. Alikuwa mfupi kuliko mama. Kiti kilipita fundo kwa vidole vitatu.

Nilimwona akilitazama lile fundo. Nilimwona akitazama kulia na kushoto. Akalifungua kwa meno, akalisogeza juu.

"Imekubali," akasema, akavuta kinu akakipindua, akapanda juu yake na kutoka hapo akaingia kwenye kiti, akashika mabega yangu. "Haya. Nipeleke Chome."

"Dada!" mama akapiga kelele. "Mimi ndiyo kwanza nimefika!"